Tabasamu la Bacolod: Sherehe Iliyozaliwa Mwaka wa Msiba

Mazungumzo kwa vikundi vya ngoma, walimu na kamati za utamaduni za wadi

 

Mkenya aliyewahi kufanya kazi Doha, Dubai au Riyadh hahitaji kuelezwa Mfilipino ni nani. Amefanya naye zamu hotelini, wamelala chumba kimoja, wamekula wali sufuria moja. Huenda siku moja ya Oktoba amemkuta ameinamia simu akicheka peke yake, na kwenye kioo cha simu kuna barabara nzima ya watu waliovaa nyuso za kutabasamu wakicheza. Akimwuliza ni nini, ataambiwa ni MassKara. Na kama mwenzake ni mwenyeji wa huko, atalitaja jina la Bacolod kabla hajaulizwa swali la pili.

Mazungumzo ya leo ni ya mji huo na sherehe hiyo. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya elfu saba, na karibu kila mji una sherehe yake ya mwaka, nyingine kubwa na za zamani kuliko hii. Lakini MassKara ina jambo moja linaloihusu kila kamati ya utamaduni iliyowahi kukaa kupanga bajeti. Ilianza mwaka 1980, mji wa Bacolod ukiwa na shida ya kipato na ukiwa bado matangani. Swali ambalo wanakamati huulizwa na wananchi, kwamba ni haki gani kupiga ngoma wakati watu wana njaa, ndilo swali lililoizaa sherehe hii. Na halijaondoka hadi leo.

Kwanza ielezwe inavyoonekana. Bacolod ni mji wa watu takriban laki sita, katika pwani ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Negros. Lugha ya nyumbani ni Kihiligaynon. Oktoba ikifika, mitaa hupambwa, vibanda vya chakula hupangwa kuzunguka uwanja wa umma ulio mbele ya kanisa kuu, na kwa wiki kadhaa kunakuwa na maonyesho, mashindano na muziki. Siku ya kilele, vikundi vya wachezaji hushuka barabarani, kikundi baada ya kikundi, kila kimoja na rangi zake, kila mchezaji na barakoa.

Barakoa hii si ile ya Korona. Ni uso mzima uliochongwa na kupakwa rangi, wenye mashavu ya mviringo na mdomo uliopanuka kwa kicheko, umezungushiwa shanga, vito vya bandia na manyoya marefu yanayopanda juu ya kichwa kama jua linalochomoza. Ngoma ina kasi, ina mdundo unaofanana na ule wa Amerika ya Kusini, na mavazi humetameta kiasi kwamba anayetazama jua la mchana hulazimika kufumba jicho moja. Usiku kuna msafara mwingine katika barabara ya Lacson, ambapo mavazi na magari yaliyopambwa huwashwa taa za umeme za rangi, na barabara yote hugeuka kuwa mto wa taa unaocheza.

Kuna kitu kimoja ambacho picha za simu hazionyeshi. Mchezaji hucheza juani akiwa amefunikwa uso, anaona kupitia matundu, anapumua hewa yake mwenyewe yenye joto, na jasho lina mahali pamoja tu pa kwenda. Kwa nje anatabasamu, na angetabasamu hata kama angekuwa analia. Waliobuni sherehe hii walilijua hilo.

Ili kuelewa sababu, lazima kuanzia kwenye miwa.

Kisiwa cha Negros kilikuwa na watu wachache hadi katikati ya karne ya 19. Mwaka 1855 bandari ya Iloilo, iliyo kisiwa jirani cha Panay, ilifunguliwa kwa biashara ya dunia. Mwakilishi wa Uingereza katika bandari hiyo, Nicholas Loney, alihimiza kilimo cha miwa, akawakopesha wakulima mitambo ya kukamua na kuwatafutia soko. Matajiri wa Iloilo walivuka maji, wakachukua ardhi, na msitu wa Negros ukageuka shamba. Familia chache zilipata utajiri wa ajabu, na majumba yao ya zamani yanatembelewa na watalii hadi leo. Wengine wote walikuwa vibarua. Wapo walioishi ndani ya shamba kizazi hadi kizazi, na wapo waliovushwa kutoka Panay kila msimu wa kukata miwa. Hawa wa msimu huitwa sacada.

Mkoa huo ndio unaotoa zaidi ya nusu ya sukari yote ya Ufilipino. Mji mzima wa Bacolod ulijengwa juu ya zao hilo, kuanzia duka la vitambaa na benki hadi shule na kanisa. Miwa ikivunwa, kuna fedha. Kati ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa mengine, kibarua hana kazi, na miezi hiyo ina jina lake la Kihispania, tiempo muerto, yaani majira mafu. Mkazi wa ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya, aliyewahi kungoja malipo ya kiwanda hadi karo ya shule ikapitwa na muhula, hatahitaji tafsiri.

Mwaka 1974 bei ya sukari katika soko la dunia ilipanda hadi zaidi ya senti 60 za dola ya Marekani kwa ratili. Ilikuwa kama ndoto. Mwaka huo huo ulimalizika mkataba uliokuwa ukiipa sukari ya Ufilipino nafasi maalum katika soko la Marekani, lakini kwa bei ile nani angejali? Serikali ya Ferdinand Marcos, iliyokuwa imeishika biashara ya kuuza sukari nje, iliizuia sukari ikitarajia bei ipande zaidi. Haikupanda. Maghala yakajaa, ikabidi sukari ihifadhiwe popote palipopatikana paa. Kufikia 1977 bei ilikuwa chini ya senti 10. Wakati huo huo viwanda vya Marekani vilikuwa vikianza kutumia sharubati tamu ya mahindi badala ya sukari ya miwa. Mji uliotegemea zao moja ulikuwa umeachwa na mteja wake.

Kisha ikaja Aprili 1980. Usiku wa tarehe 22, meli ya abiria iliyoitwa Don Juan, iliyokuwa ikitoka Manila kwenda Bacolod, iligongana na meli ya mafuta na kuzama kwa muda mfupi. Mamia walikufa. Hesabu hutofautiana, kwa sababu kama ilivyo desturi ya misiba ya aina hii, waliopanda walikuwa wengi kuliko karatasi zilivyosema. Kulikuwa na wanafunzi, wafanyabiashara, na watu wa familia zilizojulikana mji mzima. Bacolod ya wakati huo ilikuwa ndogo kuliko ya leo, na ilikuwa vigumu kumpata mtu asiyemjua hata mmoja wa waliokufa. Wakenya wanaoikumbuka feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyochukua roho 272, wanajua jinsi msiba wa maji unavyokaa katika mji. Baadhi ya miili haipatikani, na familia hubaki bila kaburi la kwenda kufagia.

Tarehe 19 Oktoba kila mwaka Bacolod huadhimisha siku ya kuzinduliwa kwake kama jiji, jambo lililotokea mwaka 1938. Oktoba 1980 ilikuwa inakaribia. Viongozi wa mji chini ya Meya Jose Montalvo, pamoja na wasanii na watu wa biashara, walikuwa na njia mbili: kupitisha siku kimya, au kufanya jambo kubwa kuliko miaka yote. Walichagua la pili. Bacolod ilikuwa ikijulikana kama mji wa tabasamu, nao wakaamua kulichukua jina hilo na kulivalisha watu usoni.

Jina la sherehe linahesabiwa kuwa kazi ya Ely Santiago, msanii aliyeongoza chama cha wasanii wa Bacolod. Alichukua neno la Kiingereza lenye maana ya umati, akaliunga na neno la Kihispania cara, yaani uso. MassKara: umati wa nyuso. Na kwa kuwa barakoa kwa Kifilipino ni maskara, jina hilo lilikuwa na maana mbili tangu siku ya kwanza. Barakoa za mwanzo zilikuwa za karatasi iliyolowekwa, ikafinyangwa, ikakaushwa na kupakwa rangi kwa mkono. Hapakuwa na fedha ya zaidi ya hapo.

Hapa pana jambo la kuwafikirisha wazee wanaolinda mila. Sherehe nyingi maarufu za Visaya, eneo la visiwa vya katikati ya Ufilipino, zina mizizi ya dini na hadithi za kale. Ati-Atihan ya Kalibo, Sinulog ya Cebu na Dinagyang ya Iloilo hufanyika Januari kwa heshima ya Mtoto Yesu, na sanamu ya Cebu inasemekana ni ile ile iliyoletwa na msafara wa Magellan mwaka 1521. MassKara haina mtakatifu, haina mzimu, wala haina babu aliyeiota. Ina tarehe ya kuzaliwa na watu waliokaa mezani kuibuni, kama inavyobuniwa kamati ya harambee. Kwa miaka mingi wapo walioiona kuwa si utamaduni halisi. Lakini mtoto aliyezaliwa Bacolod mwaka ule sasa ana zaidi ya miaka arobaini, ameicheza, mwanawe ameicheza, na huenda mjukuu anaanza kufundishwa hatua. Ni mzee gani atakayesimama kumwambia kwamba hiyo si mila yake? Ngoma zote zina mtu aliyezianza. Tofauti ni kwamba kwa nyingine jina lake limesahaulika.

Bacolod si mji pekee uliofanya hivyo. Baguio, mji wa milimani kaskazini mwa nchi hiyo, uliharibiwa vibaya na tetemeko la ardhi la Julai 1990, na katikati ya miaka hiyo ukaanzisha Panagbenga, sherehe ya maua yenye ngoma za barabarani, inayofanyika kila Februari.

Sasa yaje mambo ya uendeshaji, kwa sababu hapo ndipo kamati za wadi zina mengi ya kuangalia.

Bacolod imegawanywa katika barangay 61. Barangay ni ngazi ya chini kabisa ya serikali nchini Ufilipino. Ina eneo lake, baraza lake, na kiongozi wa kuchaguliwa anayeitwa kapteni. Ni ndogo kuliko wadi ya Kenya na ina meno kuliko kijiji. Shindano kuu la MassKara ni la barangay dhidi ya barangay, na kuna shindano jingine la shule. Msanii mkubwa wa kualikwa anaweza kuwepo jukwaani usiku, lakini siye anayeujaza mji. Wanaoujaza ni majirani waliokuja kumwona mtoto wa jirani.

Si barangay zote zinazoshiriki kila mwaka, maana gharama ni kubwa. Zinazoshiriki huanza miezi kadhaa kabla. Hutafutwa mwalimu wa ngoma, hutafutwa vijana, mara nyingi wanafunzi na vijana wasio na kazi, na mazoezi hufanywa jioni katika uwanja wa mpira wa kikapu, kwa kuwa hakuna barangay ya Ufilipino isiyokuwa na uwanja wa mpira wa kikapu. Mama wa mtaa hupika. Fundi cherehani wa mtaa hushona. Baraza hutafuta fedha kutoka kwa serikali ya jiji, wafadhili na mifuko ya wakazi. Kijana ambaye Juni alikuwa anazurura, kufikia Septemba ana ratiba, ana kikundi, na ana mtu mzima anayemfuatia akichelewa.

Ngoma hupimwa barabarani na uwanjani. Barabarani waamuzi huangalia nguvu na mpangilio wa kikundi kinapotembea, na uwanjani huangalia onyesho zima, na jinsi umati unavyogeuka kuwa maumbo. Tofauti na ngoma ambamo mchezaji husema kwa uso wake, hapa uso wa kila mmoja ni ule ule, umeganda. Kazi yote ya kueleza furaha, hofu au dhihaka iko mabegani, shingoni na mikononi. Kichwa kikiinama kidogo, tabasamu lile lile huonekana la aibu. Kikiinuka, huonekana la majivuno. Walimu wa ngoma waliopo hapa wanaweza kulijaribu hilo na vijana wao kwa kutumia katoni na gundi, na hawatajuta.

Nyuma ya wachezaji wako mafundi wa barakoa. Kuna karakana zinazoishi kwa kazi hii, zikiwauzia wachezaji, mahoteli na watalii wanaotaka kumbukumbu ya kutundika ukutani. Vifaa vimebadilika, kutoka karatasi hadi plastiki na nyuzi za kioo zilizogandishwa, na mapambo yamezidi mwaka hadi mwaka. Wapo wanaolalamika kwamba barakoa za sasa zimefanana mno na za Venice au Rio, manyoya mengi na uso mdogo, na kwamba lile tabasamu la karatasi la 1980 lilikuwa na ukweli zaidi. Malalamiko hayo yana uzito. Manyoya yakizidi, barangay maskini hushindwa kabla ya kucheza, na shindano la ngoma hugeuka shindano la pochi.

Chakula nacho kina sehemu yake. Kuku wa Bacolod, anayeitwa inasal, hulowekwa kwa siki, ndimu ndogo za huko na mchaichai, halafu huchomwa juu ya makaa huku akipakwa mafuta yaliyotiwa rangi kwa mbegu za bixa, zile zile zinazolimwa Kwale. Na kuna piaya, mkate bapa kama chapati ndogo uliojazwa sukari guru. Mgeni huondoka na boksi zima la piaya mkononi. Hiyo nayo ni njia ya kuuza miwa bila kungoja bei ya London au New York.

Hadi hapa hadithi ni tamu, na matoleo mengi ya watalii huishia hapa: mji ulilia, ukavaa tabasamu, ukapona. Si kweli. Bacolod haikupona.

Bei ya sukari iliendelea kuanguka. Katikati ya mwaka 1985 ilishuka chini ya senti 3 kwa ratili. Wenye mashamba waliacha kupanda, benki zilifunga mikopo, na makumi ya maelfu ya vibarua walibaki bila kazi katika ardhi isiyokuwa yao, ambamo hawakuruhusiwa kupanda hata mahindi ya kula. Watoto wa Negros walikufa kwa utapiamlo katika kisiwa chenye rutuba. Mashirika ya misaada, yakiwemo ya Umoja wa Mataifa, yalikuja kulisha watu, na picha za watoto hao zilizunguka dunia. MassKara ilikuwa na umri wa miaka mitano.

Septemba 20 ya mwaka huo huo, katika mji wa Escalante kaskazini mwa mkoa, wafanyakazi wa mashamba, wakulima na wanafunzi walikusanyika kupinga utawala wa Marcos na hali ya maisha. Vikosi vya serikali viliwafyatulia risasi. Watu 20 walikufa.

Mji wa Escalante nao huadhimisha. Kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika, na wasanii na vijana huigiza tena tukio lile barabarani, kuanzia maandamano na risasi hadi miili kulala chini. Ni mchezo wa barabarani, una wachezaji na watazamaji, una mazoezi na mavazi, na ni wa kila mwaka. Baada ya wiki nne hivi, mkoa huo huo, barabara nyingine hujaa wachezaji wenye tabasamu. Mtu anayetaka kuielewa Negros anapaswa kuziona zote mbili. Mji mmoja umechagua kukumbuka jeraha lake kwa kulionyesha, na mwingine kwa kulifunika kwa rangi. Anayesema kwamba moja ni la kweli na jingine ni la uongo ana haraka.

Hata hivyo wakosoaji wa MassKara wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Barakoa inayocheka inaweza kumsaidia aliyefiwa asimame tena. Inaweza pia kumsaidia mwenye shamba asiuone uso wa kibarua wake. Mwaka wa njaa, tabasamu lililopangwa na ofisi za serikali lina ladha gani mdomoni mwa mtu ambaye hajala? Sherehe haikuleta sheria ya ardhi. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1988, baada ya Marcos kuondolewa, na utekelezaji wake Negros umekuwa wa kuvutana hadi leo. Sherehe haikupandisha ujira wa mkata miwa. Haikuwa na uwezo huo, na waliosema inao walikosea.

Ilichoweza ni kidogo zaidi na ni cha kweli. Iliupa mji ambao ulikuwa na biashara moja tu biashara nyingine. Hoteli hujaa Oktoba, madereva hupata abiria, wachuuzi huuza, mafundi hupata oda. Na kila mwaka iliwalazimu majirani kufanya jambo pamoja lenye tarehe isiyosogezwa. Leo Bacolod ina vituo vya kupokea simu za wateja wa kampuni za ng'ambo, ina vyuo, ina uwanja wa ndege katika mji jirani wa Silay. Miwa bado ipo, lakini si peke yake.

Mwaka 2020 ulipoleta Korona, barabara zilinyamaza. Kwa miaka miwili hapakuwa na msafara wa ngoma mitaani. Jambo la kuchekesha kidogo, mji wa barakoa ulivaa barakoa kwa amri ya daktari, na hizo hazikuwa na tabasamu. Ngoma iliporudi Oktoba 2022, kaulimbiu ilikuwa maneno mawili, Balik Yuhum, yaani kurudi kwa tabasamu. Vijana wengi waliocheza mwaka huo hawakuwa wamezaliwa Don Juan ilipozama, lakini walikuwa wametoka tu kuzika wa kwao, wengine bila matanga kamili kwa sababu ya masharti ya ugonjwa. Kwa mara ya kwanza walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuuvaa uso ule.

Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka shughuli za utamaduni na burudani za umma mikononi mwa serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba swali la Bacolod hufika kila mwaka kwenye meza ya kaunti, likiwa limevaa nguo za bajeti. Mwananchi anayesimama kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma na kuuliza kwa nini fedha ziende kwa ngoma wakati zahanati haina dawa, hapaswi kujibiwa kwa wimbo. Anapaswa kuonyeshwa fedha inaingia mfuko wa nani. Kama inaishia kwa mwenye mahema na spika na kwa msanii aliyeletwa na gari kutoka Nairobi, mwananchi huyo ana haki. Kama inaishia kwa fundi cherehani wa wadi, kwa mama anayepikia vijana mazoezini, kwa mchongaji na mwalimu wa ngoma, basi kuna la kuzungumza. Zahanati bado itahitaji dawa, na hilo lisemwe wazi katika kikao hicho hicho.

Kamati zinazotaka kuiga kitu kutoka Bacolod zianze na kile kisichogharimu sana, yaani shindano la mitaa lenye tarehe moja isiyobadilika, na sharti kwamba mavazi yatengenezwe ndani ya wadi. Manyoya yanaweza kungoja.

Oktoba ni mwezi ambao mavuno ya miwa Negros yanakuwa yameanza. Majira mafu yamekwisha, vibarua wamerudi kazini, na bomba za viwanda zinatoa moshi. Jumatatu baada ya kilele, wafagiaji wa jiji huokota vipande vya manyoya na shanga kwenye mitaro. Barakoa hurudishwa ofisi ya barangay au hutundikwa ukutani juu ya televisheni. Na nje ya mji, malori yaliyojaa miwa hadi pomoni, mengine yakidondosha njiani kama yale ya Mumias na Awendo, yanapanga foleni kwenye lango la kiwanda.